Edward Sokoine: Waziri Mkuu aliyepambana na duka tupu

Kila sukari inapopanda bei, ujumbe huanza kuingia kwenye simu ya studio yetu hapa Morogoro kabla sijamaliza kusoma taarifa ya asubuhi. Mmoja anaandika kutoka Kilosa, mwingine Msamvu, mwingine Turiani, ambako mashamba ya miwa yanaonekana ukiwa umesimama mlangoni kwako. Maneno hutofautiana, hoja ni ileile: angekuwepo Sokoine, wafanyabiashara hawa wasingethubutu. Wanaoandika hivyo si wazee peke yao. Wapo vijana waliozaliwa, kama mimi, miaka kadhaa baada ya Edward Moringe Sokoine kufariki kwenye barabara yetu hii ya kwenda Dodoma, Aprili 12, 1984.

Makala haya nimeyaandika kwa ajili yao. Habari ya msako wake dhidi ya walanguzi wengi tunaijua, walau kwa kusimuliwa. Kisichosimuliwa sana ni jinsi nchi ilivyofika mahali ambapo Waziri Mkuu mzima anafuatilia katoni za sabuni. Duka la mwaka 1983 halikuwa tupu kwa sababu ya uroho wa mwenye duka tu. Utupu ule ulianzia Hazina na Benki Kuu, ukapita kiwandani na shambani, ndipo ukafika dukani. Maisha ya Sokoine yanatusaidia kuifuata njia hiyo kwa sababu alikuwepo karibu kila hatua.

Kijana wa Monduli

Sokoine alizaliwa Agosti 1, 1938, huko Monduli, katika jamii ya wafugaji wa Kimaasai. Alisoma Monduli, kisha akaenda sekondari ya Umbwe, Kilimanjaro. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, alijiunga na TANU, na muda mfupi baadaye akapelekwa Ujerumani Magharibi kusomea utawala. Aliporudi alifanya kazi katika halmashauri ya wilaya ya Masai. Mwaka 1965 watu wa huko wakamchagua kuwa mbunge wao, akiwa na miaka 27.

Baada ya hapo alipanda haraka. Mwaka 1967 alikuwa Naibu Waziri wa Mawasiliano, Uchukuzi na Kazi, 1970 Waziri wa Nchi, na 1972 akakabidhiwa Wizara ya Ulinzi. Februari 13, 1977, siku nane tu baada ya TANU na Afro-Shirazi kuungana na kuzaliwa CCM, Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Waziri Mkuu, akipokea kijiti kutoka kwa Rashidi Kawawa. Alikuwa hajafikisha miaka 39.

Waliofanya naye kazi wanamkumbuka kama mtu wa maneno machache na asiyependa makuu, aliyezoea kufika mwenyewe mahali ili aone kwa macho yake badala ya kungoja taarifa. Sifa hizo watu wengi wamezishika. Mimi naona inafaa pia kukumbuka alikabidhiwa nini.

Kibubu kilivyotoboka

Mwezi uleule aliopewa uwaziri mkuu, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika. Kwa mtu wa Monduli hilo halikuwa jambo la kwenye magazeti tu, maana ng'ombe na koo za Kimaasai zipo pande zote mbili za Namanga.

Kuvunjika kwa Jumuiya kulikuwa na gharama yake. Reli, ndege, bandari, posta na simu vilikuwa vya pamoja. Sasa Tanzania ilitakiwa ianzishe vya kwake, vyote kwa mkupuo. Wakati huo fedha zilionekana zipo. Baridi kali ilikuwa imeharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa duniani ikapaa, na mkulima wa Kilimanjaro na Kagera akaileta nchini neema ya fedha za kigeni. Serikali ikalegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje. Katika muda mfupi akiba ile ikayeyuka, na bei ya kahawa nayo ikashuka.

Kisha, mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka na kuingia Kagera. Vita ile tunaijua kwa nyimbo na gwaride. Ijulikane pia kwa hesabu: makadirio yanayotajwa mara nyingi ni dola za Marekani milioni 500. Malori, mafuta, risasi na chakula cha askari vilitoka katika kibubu kilekile ambacho kingenunua vipuri vya viwanda. Na mwaka 1979, vita ikiwa ndiyo inakwisha, bei ya mafuta duniani ikapanda tena. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Wazee wetu mpaka leo wanautaja mkanda ule, na wengi watakwambia hawakumbuki siku uliyofunguliwa.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha kisa chote. Shilingi serikali inaweza kuiongeza, kwa kukopa benki zake au kuchapa noti. Dola haiwezi. Na sabuni, hata ikitengenezwa Tanzania, ndani yake ina dola: mashine imetoka nje, kipuri kimetoka nje, na mafuta ya lori linaloisafirisha yametoka nje. Dola zilipokwisha, viwanda vingi vikawa vinafanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake. Shilingi za kulipa mishahara na kuziba mapengo ya mashirika ya umma zikaendelea kuongezeka. Fedha zikawa nyingi mikononi, bidhaa zikawa chache.

Sisi wa Morogoro hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kiwanda cha viatu kilijengwa hapa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa matumaini ya kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka na nyingine kuuzwa Ulaya. Hakikuwahi kufikisha hata sehemu moja ya kumi ya lengo hilo. Deni la mkopo kama huo halijali kama kiatu kimetoka au hakikutoka. Linalipwa kwa pamba, kahawa na katani ya mkulima.

Bei ya karatasini

Katika hali hiyo, chumvi ingepaswa kupanda bei, na khanga, na sukari. Lakini bei hazikuwa huru. Tume ya Bei ilipanga bei za mamia kwa mamia ya bidhaa kwa nchi nzima, na bidhaa nyingi muhimu zilipita kwenye makampuni ya biashara ya mikoa, yale tuliyoyaita RTC. Nia ilikuwa njema: mtu wa Mpanda asilipe zaidi ya mtu wa Kariakoo. Matokeo yake, sabuni ikawa na bei mbili. Ya kwanza ilikuwa ya serikali, iliyobandikwa ukutani kwenye duka lisilo na sabuni. Ya pili ilikuwa ya mlango wa nyuma.

Mkulima naye alipangiwa bei. Shirika la Taifa la Usagishaji lilinunua mahindi kwa bei moja kila mkoa, likabeba gharama ya kuyasafirisha kutoka Ruvuma na Rukwa hadi Dar es Salaam, na unga ukauzwa mjini kwa bei nafuu. Hasara ikawa ya shirika, ambalo lilikopa benki ya serikali, na mkopo ule ukazaa shilingi nyingine zisizo na bidhaa. Mkulima aliyelipwa kidogo, tena kwa kuchelewa, alitafuta mnunuzi wa usiku. Mahindi ya mjini yakapungua, serikali ikaagiza ya nje na kupokea ya msaada. Ndipo tulipoonja ugali wa unga wa njano ambao watu waliubatiza jina la yanga.

Mama yangu alikuwa darasa la sita mwaka 1983. Anasimulia jinsi alivyoamshwa alfajiri kwenda kupanga foleni ya sukari, na walioshindwa kusimama waliacha jiwe au kofia ikawashikie nafasi. Nguo za shule walifua kwa majani ya mpapai. Barua kutoka kwa mjumbe wa nyumba kumi ilikuwa na thamani kuliko noti, kwa sababu noti zilikuwepo.

Mwaka 1979 Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka thamani ya shilingi ishushwe na matumizi ya serikali yapunguzwe kabla halijakopesha. Mwalimu alikataa, na Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliyeona lazima kukubaliana nao, akajiuzulu. Sokoine alikuwa Waziri Mkuu wakati huo. Novemba 1980 aliondoka madarakani kwa sababu za afya, Cleopa Msuya akashika nafasi yake.

Msako

Alirudi Februari 24, 1983. Msuya akaenda Wizara ya Fedha, Sokoine akapewa tena uwaziri mkuu katika nchi iliyochoka kuliko alivyoiacha. Mwezi mmoja baadaye, mwishoni mwa Machi, msako ukaanza.

Watu zaidi ya 1,000 walikamatwa katika wiki za mwanzo. Walikuwemo wafanyabiashara wakubwa, mameneja wa mashirika ya umma, maofisa, na wachuuzi wadogo. Redio Tanzania ikataja mali zilizokamatwa, na nchi nzima ikasikiliza. Hofu ilikuwa kubwa kiasi kwamba watu walitupa mali mitoni na kuitelekeza kando ya barabara usiku. Hebu fikiria: vitambaa na betri vikielea, wakati umbali wa kilomita mbili kuna mtoto hana sare.

Wananchi wengi walifurahi, na sioni sababu ya kuwasuta. Kwa miaka walikuwa wamewaona watu wenye uhusiano na meneja wa ghala wakineemeka, huku wao wakiambiwa wavumilie. Kwa mara ya kwanza mkubwa aliulizwa mbele ya watu kapata wapi. Kama ningekuwepo nikiwa na miaka hii niliyo nayo na kipaza sauti hiki, nadhani nami ningeshangilia.

Lakini ipo sehemu ya pili. Sheria ya uhujumu uchumi ilipitishwa baada ya msako kuanza, ikarudishwa nyuma ili kuhalalisha ukamataji uliokwisha kufanyika. Mahakama maalumu ikaundwa, na mshtakiwa hakuruhusiwa wakili wala hukumu haikuwa na rufaa. Aliyekutwa na katoni 10 za sigara na aliyeiba mali ya shirika la umma waliitwa kwa jina moja, mhujumu. Na bidhaa? Zilizokamatwa ziligawiwa, watu wakapata, zikaisha. Wenye maduka waliobaki waliogopa kuweka mzigo wowote, kwa sababu kuwa na mzigo kulifanana na kuuficha. Baada ya shangwe, rafu zikawa tupu kuliko mwanzo.

Mwaka huohuo ikaja sheria ya nguvukazi, iliyotaka kila mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika. Dar es Salaam watu waliulizwa vitambulisho vya kazi mitaani, na waliokosa walisombwa kupelekwa vijijini kulima. Muuza karanga na mama wa maandazi, ambao mshahara wa mume serikalini ulikuwa haumalizi wiki mbili, walijikuta wakiitwa wazururaji. Kodi ya maendeleo nayo ikaletwa kwa watu wazima, hatua iliyowakumbusha wengi kodi ya kichwa, na serikali za mitaa zilizofutwa mwaka 1972 zikaandaliwa kurudi. Halmashauri zingehitaji fedha zake zenyewe, kwa sababu Hazina haikuwa nazo.

Ni rahisi kumchora Sokoine kama mtu wa kamatakamata tu. Nadhani alikuwa na macho mapana kuliko sera aliyoisimamia, na ushahidi wangu unapita mbele ya studio yetu kila dakika.

Dala

Mjini Dar es Salaam usafiri ulikuwa mikononi mwa UDA, shirika la umma. Mabasi yake yaliharibika na vipuri havikuwepo, kwa sababu ileile ya dola. Wafanyakazi walitembea kwa miguu kutoka Temeke na Magomeni. Wenye pikapu na malori walibeba abiria kwa kujificha, magari yale yaliyojulikana kama chai maharage, huku dereva akiangalia mbele kama kuna askari. Kisheria lilikuwa kosa, la kuhujumu shirika la umma.

Mwaka 1983, chini ya Sokoine huyuhuyu wa msako, serikali iliruhusu watu binafsi kubeba abiria mjini kwa leseni. Nauli, inavyosimuliwa, ilikuwa shilingi 5, sarafu ambayo watu waliiita dala, na makondakta wakainadi safari kwa jina hilo. Hivyo ndivyo tulivyopata daladala.

Tazama tofauti. Kwenye sabuni, serikali ilimkamata mwenye sabuni. Kwenye basi, ilikiri kwamba haina fedha ya kununua mabasi ya kutosha, ikamwacha mwenye basi alete lake. Hapakuwa na hotuba kubwa wala orodha ya majina redioni. Watu walifika kazini. Wasikilizaji wanaponiandikia kwamba tunamhitaji Sokoine, huwa natamani kuwauliza ni Sokoine yupi kati ya hao wawili, lakini muda wa kipindi huwa umekwisha.

Novemba mwaka huohuo mpaka wa Kenya ulifunguliwa, karibu miaka saba tangu ufungwe. Watu wa Namanga, Holili na Sirari, ambao kwa kipindi chote hicho biashara yao na ndugu zao iliitwa magendo, wakavuka mchana kweupe.

Dakawa

Aprili 12, 1984, Bunge lilikuwa limemaliza kikao chake Dodoma. Sokoine alikuwa anarudi Dar es Salaam kwa barabara. Eneo la Dakawa, kabla ya kufika Morogoro mjini, gari lake liligongana na Land Cruiser iliyokuwa ikiendeshwa na mkimbizi wa Afrika Kusini, mwanachama wa ANC, chama ambacho kilikuwa na makazi hapo Dakawa na shule Mazimbu. Akafariki. Alikuwa na miaka 45. Jioni Mwalimu Nyerere mwenyewe alilitangazia taifa kupitia Redio Tanzania. Watu wa rika la mama yangu wanakumbuka walikuwa wamekaa wapi.

Uvumi kuhusu kifo chake haujakoma, na kila Aprili huletwa studio kama mzigo mpya. Serikali ilisema ni ajali, na mimi sina cha kuongeza hapo. Ninachojua ni kwamba wengi walimwona kama mrithi wa Mwalimu, aliyekuwa karibu kung'atuka, na mtu wa namna hiyo akifa ghafla watu hutafuta sababu kubwa inayolingana na msiba.

Alizikwa kwao Monduli Juu. Julai 1 mwaka huo kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichokuwa hapa Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Miaka ya 1990, ANC ilipoondoka kurejea kwao, majengo ya Mazimbu yalikabidhiwa kwa Tanzania na yakawa kampasi ya chuo hichohicho. Wanafunzi wengi wanaopita pale kwa bodaboda hawajui jinsi majina hayo mawili yalivyokutana barabarani.

Sheria ya mwaka 1983 haikudumu. Mwaka 1984 nafasi yake ilichukuliwa na sheria nyingine iliyorudisha kesi hizo Mahakama Kuu na kumrudishia mshtakiwa wakili na rufaa. Mwaka huohuo haki za msingi ziliandikwa kwenye Katiba. Neno uhujumu uchumi, hata hivyo, lilibaki, na bado tunalisoma kwenye taarifa za habari za mahakamani.

Bajeti ya Juni

Miezi miwili baada ya mazishi, Juni 1984, Msuya alisoma bajeti. Shilingi ilishushwa thamani hadi kufikia 17 kwa dola moja. Ruzuku ya unga wa sembe ikaondolewa. Mkulima akapandishiwa bei. Na mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa nje, bila kubanwa aeleze amezipata wapi. Baadhi ya fedha hizo, bila shaka, ni zilezile zilizotafutwa kwenye msako mwaka mmoja nyuma. Sasa zilikaribishwa ziingie kwa mlango wa mbele. Makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yangekuja mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi.

Mama anasema bidhaa zilirudi kidogo kidogo, kwanza vitambaa, kisha sabuni ya kipande, kisha sukari bila foleni. Babu, aliyekuwa karani serikalini, alisimama mbele ya duka moja hapa mjini akaziangalia zote zimepangwa vizuri, kila kitu na bei yake. Alikuwa na mshahara wake wa mwezi mfukoni. Akanunua nusu kipande cha sabuni, wakarudi nyumbani.